Miaka Niliyolala na Viatu

Wapapa na wamama wa kikundi hiki cha ndoa, amani iwatangulie kabla ya maneno yangu. Mmezoea kuniona mbele ya ubao, nikiwakemea watoto wenu. Leo nasimama kama mgonjwa aliyepona, na ugonjwa wenyewe ni ule ambao wanaume wa hapa huusimulia kama wa mtu mwingine. Mke wangu ameketi kwenye benchi la nyuma. Ameniruhusu, bila ruhusa yake nisingefungua kinywa. Nitasema niliyoyaona na kuyasikia mwenyewe tu. "Watu wanasema" sikuikubali darasani, siikubali hapa.

Tulikuwa Kingi, huku kwetu Masisi, maharage yakiwa yametoa maua, na ukungu wa alfajiri umelala juu ya majani kama maziwa yaliyomwagika polepole. Mimi na mke wangu tulikuwa tumekumbatiana, namna ya watu waliooana, risasi zilipoanza kulia mlimani. Tulikimbia vile vile tulivyokuwa, bila viatu.

Safari ya msituni kwenda Walikale naikumbuka kama ndoto: miti isiyo na vilele, mvua isiyoanza wala kwisha, na mgongo wa mke wangu mbele yangu, ukizama ndani ya ukungu na kurudi, ukizama na kurudi. Miguu yetu ilipasuka. Tukaapa kutolala tena bila viatu. Ndugu zangu, wengi wenu mlilala hivyo: nguo mwilini, viatu miguuni, sufuria na maharage vimefungwa tayari kichwani pa kitanda, mume upande wa mlango.

Tulifika Omate, kwenye machimbo ya dhahabu, nikafundisha watoto wa wachimbaji. Huko ndiko tatizo lilikojitokeza. Nilimpenda mke wangu, tena nilimtamani. Lakini kila tulipokaribiana, moyo ulinidunda, masikio yakaenda mlangoni, na uume wangu haukusimama. Mwishowe tuliacha hata kushikana mikono, maana kila mguso uligeuka mtihani, nami nilikwisha kujua matokeo.

Nyumba za hema hazina siri. Mchimbaji mmoja akanijia.

"Mwalimu, banasema uliuza nguvu yako ku shimo, upate dhahabu."

"Nani anasema?"

"Bantu tu."

"Kama niliuza, dhahabu iko wapi? Tazama suruali hii."

Wenzake walicheka. Mfanyabiashara mmoja aliyekuja na bidhaa kutoka Butembo alininyoshea kifurushi cha unga. "Papa, hii iko nguvu ya simba." Nikamwuliza ni nani aliyempima huyo simba. Akakifunga kifurushi chake.

Vita vilipopumua kidogo, tulirudi Masisi tukapanga chumba Mushaki, karibu na barabara. Uvumi ulikuwa umetutangulia. Mjomba wa mke wangu akaja, akakaa, akakataa kula.

"Mutoto wetu anarudi na sisi. Muntu mwenye alifungwa na wachawi, ndoa yake imekwisha. Njo vile."

Mke wangu alikuwa jikoni. "Mujomba, ulimuona mwenye alimufunga?"

"Kumuona, hapana. Lakini..."

"Basi kunywa maziwa kwanza."

Alikunywa. Hata hivyo, aliacha neno: atarudi baada ya mavuno ya maharage, na kama hali ni ile ile, atamchukua. Usiku ule sikulala, na asubuhi mke wangu akaniambia, "Mwalimu, wewe unakataa maneno ya bantu. Twende kwa mwenye anapima."

Kwenye kituo cha afya kulikuwa na mama mmoja mwanasaikolojia, mtu wa kutibu mawazo na hofu. Kwanza alinipeleka nikapimwe sukari na shinikizo la damu. Akauliza dawa ninazomeza na pombe ninayokunywa. Akauliza kama alfajiri, nikiamka, uume husimama wenyewe. Nikajibu kwamba mara nyingine ndiyo. "Basi mwili bado unajua kazi yake," akasema. Kisha, kana kwamba anabadili mazungumzo: "Unalala namna gani, Papa?"

"Na viatu," nikajibu.

Mvua ilikuwa ikigonga bati. Alimwomba mke wangu asimulie alfajiri ya Kingi, naye akasimulia. Nilisikiliza kama habari za wageni, mpaka nikajikuta nimesimama, mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Papa Mwalimu," mama yule akasema, "hakuna mtu aliyekufunga. Mwili wako uko kwenye zamu tangu siku ile. Anayelinda mlango hawezi pia kuwa bwana arusi chumbani."

Dawa yake ilinishangaza: alitukataza tendo la ndoa. Tushikane mikono, tupapasane mgongo, tupumue polepole, bila kutafuta lolote zaidi. Tena nivue viatu. Hapo nikakataa. "Vita bado. Nani atasikiliza?"

Hakunidanganya kwamba vita vimekwisha. Aliuliza tu, "Ni saa gani ambayo hapa Mushaki wengine wanasikiliza kwa ajili yako?"

Nikafikiri. Siku ya soko. Wote tunajua: wauza jibini wakipiga kelele, ng'ombe wakilia, magari ya Sake yakiita abiria, njia ni salama. Soko likinyamaza ghafla, kimbia.

Basi tulianza alasiri za soko. Mara ya kwanza nilivua kiatu kimoja. Mke wangu alicheka akashika mbavu. "Utakimbia na muguu mumoja?" Mara nyingine hofu ilinirudia, nikavaa vyote na kuketi mlangoni. Tulirudi kwa yule mama, tukaanza tena. Kisha ikaja alasiri moja, ukungu umeshuka mpaka dirishani, kelele za soko zimekuwa mbali kama mto unaosikika kutoka bonde jingine, na mkono wake uko begani pangu. Nikagundua kwamba nimesahau kusikiliza. Katazo lilivunjika siku ile. Tulipomweleza mama yule, hakutukemea.

Mjomba alirudi baada ya mavuno. Mke wangu alimpokea uani, miguu mitupu. "Mujomba, leo utarudi na maharage tu."

Namshukuru mama yule, na zaidi namshukuru huyu aliye benchi la nyuma, aliyedai shahidi pale ambapo wote waliridhika na uvumi. Nanyi ndugu zangu, nawaambia: ugonjwa wangu ulikuwa hofu. Wako sijui, labda ni sukari, labda ni dawa unazomeza, labda ni huzuni. Mpaka upimwe, hata ushuhuda wangu kwako ni "watu wanasema".

Sasa mniwie radhi. Mnawasikia wauza jibini kule barabarani? Leo ni siku ya soko, na mimi na mke wangu tunaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.