Truphena Alivyomshika Madam Mkono

Baada ya miaka minane ya kushona, kufua na kupiga pasi, Truphena Nanjala, mtunza mavazi wa ukumbi wa wanawake wa madam, mwajiri wetu, hapa Al-Rawdah, Jeddah, anastaafu Alhamisi tarehe 27 Juni 2019. Ana miaka hamsini na saba, magoti mawili mabovu na ulimi mzima kabisa.

Alikuja mwaka 2011 kufanya kazi za nyumbani. Madam alipoona jinsi alivyoliokoa gauni la harusi lililochanika, alimhamishia ukumbini. Tangu hapo hakuna mwigizaji wetu ambaye hajadungwa pini na Truphena, wengine kwa bahati mbaya.

Mwalimu Ashley, anayetufundisha kuimba, alituchosha kwa mihadhara kuhusu tofauti ya opera na mchezo wa barakoa. Truphena alitueleza akiwa na pasi mkononi, tukaelewa. Opera ina hadithi, na kila kitu kinaimbwa, hata mtu akiomba maji. Lazima afe mtu, naye hafi upesi. Kule Riyadh, kwa dada yake madam, mwenzetu Rosebellah alikata roho jukwaani kwa muda mrefu hata Truphena akamaliza kushona pindo la gauni zima nyuma ya pazia. Wageni hukaa vitini, hulia kidogo, huenda zao. Mchezo wa barakoa hauna hadithi ya kukukosesha usingizi: Jua na Mwezi wanashuka kumsifu mwenye nyumba, nguo zinameremeta, na mwishoni waliovaa barakoa wanateremka kuwashika wageni mikono, wacheze wote. Yeye alizitofautisha kwenye beseni. Nguo za opera zilinuka jasho letu, za barakoa zilinukia udi wa wageni.

Sasa niseme lisilosemwa kwenye sherehe, maana madam hasomi Kiswahili. Miaka mitatu Truphena aliomba kurudi nyumbani. Bila sahihi ya kafili, yaani mdhamini wetu, mume wa madam, hakuna kutoka nchini, na kafili hasaini bila neno la mkewe. Barua tatu zilifia kwa msimamizi wa nyumba. Kule Butere, Kenya, mama yake alikuwa ameanza kusahau majina ya watoto wake, na sisi tulikuwa na opera baada ya opera: madam kiti cha mbele, Truphena nyuma ya pazia, na marehemu anapoinuka kupokea makofi, madam yuko garini.

Basi akamshawishi Ashley tufanye mchezo wa barakoa, siku ya tatu ya Idi. Mwezi akaugua tumbo ghafla. Mwezi nilikuwa mimi, na tumbo langu lilikuwa zima. Truphena akavaa barakoa yangu, akateremka na magoti yake, akamshika madam mkono mbele ya wageni sitini. Walizunguka mara tatu. Kisha, kwa Kiarabu chake cha jikoni, bila kupunguza sauti, akamwambia halas, basi imetosha, mama yangu ananisahau, nataka kwenda nyumbani.

Madam alicheka. Alipoona mkono hauachiwi, akaacha kucheka, akaitikia kwa kichwa. Karatasi ilisainiwa Jumatatu. Nililia chooni, na sioni haya kusema.

Asante, Truphena, kwa kila kifungo. Wenzako sita tumeshamwomba Ashley barakoa nyingine Idi ijayo. Nenda salama, uishi vyema. Na mama akikuita kwa jina la dada yako, itika.

Maryann, kwa niaba ya wafanyakazi