Maduara Ndani ya Kona

Shamimu alijifanya anatazama nje ya basi la kwenda Mugumu, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele. Mwalimu mmoja kijana alikuwa akimweleza mzee Werema kwamba hata umbo lenye pande sita huchorwa kwa maduara matupu, dogo likizunguka juu ya kubwa.

"Basi nyumba yangu mpya ya pande sita nayo ni ya msonge!" Werema akachangamka. "Mama yangu amegoma kuhamia, eti hawezi kulala kwenye nyumba yenye kona. Yanatosha maduara mangapi?"

"Hayana mwisho, mzee. Ukiishia njiani, kona inabaki butu."

Shamimu akameza kicheko. Basi likasimama, na kando ya barabara bibi mmoja alikuwa ameegemea fimbo.

"Mama yangu ndiye huyo," Werema akamshika mwalimu mkono. "Shuka umweleze."

Mwalimu akakumbuka ghafla kwamba yeye anashuka kituo cha mbele.