Mfereji wa Mtaa Wetu

Kitu cha kwanza nilichoona ni viatu vya yule mama: viatu vya kanisani, vimejaa matope, na ilikuwa Jumanne. Alikaa mbele yangu katika teksi, basi dogo la mtaa wa Troyeville, karibu na baba mmoja wa Bukavu mwenye sare ya ulinzi.

"Unaenda mkutano wa bajeti ya jiji, wewe Mrundi?" baba alicheka. "Mwaka jana diwani alisema mifereji ya mtaa wenu itangoja, na nyinyi mkampigia makofi!"

"Tulipiga, papa. Kwetu mtu akimaliza kusema anapigiwa makofi. Leo mikono naifunga, mdomo ndio utafanya kazi."

"Watakuuliza karatasi za ukaazi."

"Maji yakiingia chumbani, yananiuliza karatasi? Juzi yamebeba godoro la watoto. Waweke mfereji wetu kwenye bajeti, ama nisimame pale mpaka wazime taa."

"Eish, mama. Mgeni hachagui chakula."

"Mgeni mpaka lini? Watoto wangu wamezaliwa hapa, Kizulu wananisahihisha! Na wewe inuka kidogo, umekalia mchicha wangu."

Baba aliinuka. Hilo tu ndilo walilokubaliana.

Teksi ilisimama kwenye robot, taa za barabarani, mama akashuka na mfuko wake, mabega juu.

Mimi nakaa mtaa uleule, chumba cha chini, na maji yanaingia kwangu pia. Nilikaa kimya, kama kawaida yangu. Nasema sasa: mama, mkutano ujao tusimame wawili.