Nyumba Hukaguliwa kwa Mvua

Mshonaji alifumba macho akijifanya amelala, maana mazungumzo ya kiti cha mbele yalikuwa matamu kuliko usingizi. Mvua ilikuwa inalitwanga basi. Msusi mmoja alikuwa akimlalamikia mama mtu mzima aliyeketi naye: alikuwa anakwenda kukagua nyumba, ainunue apangishe, na sasa siku imeharibika.

"Dalali kasema tungoje jua," alisema.

"Dalali hana wazimu, mwanangu, anajua anachoficha! Ya kwangu ya kwanza niliinunua kiangazi, rangi inang'aa kama bibi harusi. Masika yalipoingia, mpangaji akalala na beseni kitandani. Tangu hapo sinunui nyumba ambayo sijaiona imelowa. Nenda leo leo. Tazama dari, kanyaga uani, muulize jirani maji hupita wapi."

"Na nywele zangu, mama?"

"Zitasukwa tena. Si msusi wewe?"

Mshonaji nusura acheke usingizini.

Basi likasimama. Abiria walioshuka wakakimbilia kibandani. Msusi akajifunga mfuko wa plastiki kichwani, simu sikioni, akimwambia dalali: "Kaka, jua lako baki nalo. Mimi nimeshafika."

Akaondoka taratibu, akiitazama mvua kana kwamba ni fundi aliyemwajiri yeye mwenyewe.