Ndayikunda na Konda wa Kasulu

Kabla jogoo hajawika, Theodosia alimsikia binti yake akijizoeza gizani, chini ya blanketi: pa, pa, ka, ka. Ndayikunda ana miaka minne. Mwaka jana alishonwa kaakaa lililopasuka, lakini maneno yake bado yanapitia puani.

Asubuhi hiyo wakapanda haisi ya Kasulu. Bi Asmahani, muuza vitenge aliyeketi nao, alishatoa hukumu kabla ya nusu ya safari. "Si walishamshona? Basi msemee wewe, mwanangu. Watamcheka."

"Waliziba tundu, mama. Kusema anajifunza, kama wewe ulivyojifunza biashara."

"Mimi sikuchekwa!"

"Huyu atachekwa, na bado atasema."

Abiria wa nyuma wakaacha kutafuna karanga wasije wakapitwa na neno.

Walipokaribia njia panda ya Heru Juu, kituo cha mama na binti, Bi Asmahani akataka kumwita konda. Theodosia akamshika mkono. "Mwache mtoto aseme."

"Mtapitishwa!"

"Tutarudi kwa miguu."

Ndayikunda akasimama juu ya kiti, akavuta pumzi, akamkazia konda macho.

"Kaka, tunashuka hapa."