Nani Anaingia Langoni

Benchi letu liko nje ya duka langu la kushonea nguo, limeegemea ukuta, na mguu wake mmoja umeungwa kwa ubao wa sanduku la sabuni. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa ya Mama Birika tangu enzi ambazo baadhi yetu tulikuwa na nywele. Hatuko wengi. Kuna Waziri, kinyozi wa mlango wa pili, tuliyempa cheo hicho kwa kuwa hakuna jambo duniani asilolitolea tamko. Kuna Kobe, fundi saa, anayeongea kana kwamba maneno yanauzwa. Kuna Mama Birika mwenyewe na jiko lake la mkaa. Na kuna mimi, Uzi, fundi cherehani, ambaye sina subira na upuuzi ila Mungu kanipangia niishi nao. Wa tano alikuwa Mtunzi. Tulimzika mwezi uliopita. Siku ninayoisimulia ndiyo ya kwanza tulipokaa tena wote, na pale mwisho wa benchi, mahali pake, hakuna aliyethubutu kupakalia.

Marehemu alikuwa karani wa ghala la saruji. Alfajiri kabla ya kazi aliandika vitabu vya nchi ambayo haipo: milima inahama, mito ina kinyongo, majoka yanatozwa kodi. Wachapishaji wa mwanzo walimrudishia mswada wakamwambia mtu mzima na akili zake haandiki habari za majoka. Akaandika hivyo hivyo. Kitabu cha kwanza kilikaa dukani kikipauka kwa jua. Cha pili watoto wa shule wakakidaka, wakawa wanakigombania. Kufikia cha tano, watu wazima wenye vyeo walikuwa wanavisoma wamevifunika kwa gazeti. Yeye hakubadilika. Shati lile lile, vumbi la saruji kwenye kope, kikombe mkononi.

Waziri: Mimi nawaambia, yule hakuwa akitunga. Alikuwa anaambiwa.

Mimi: Na nani?

Waziri: Kuna mambo hayasemwi mchana.

Mama Birika: Basi usiyaseme kabisa, utupumzishe.

Waziri: Cheka tu. Karani wa saruji atajuaje joka linalalia ubavu gani? Mtoto wa nyoka ni nyoka!

Kobe: Hiyo methali inaingiaje hapa?

Waziri: Inaingia kwa majoka, Kobe! Kwani joka si nyoka?

Kobe akarudi kwenye kikombe chake. Ukimjibu Waziri unamwongezea pumzi.

Waziri: Haya, nawapa kubwa zaidi. Ile nchi ipo. Ipo, na yeye alitoka huko. Mliwahi kumwona ndugu yake hata mmoja? Mazishini walikuja akina nani? Sisi na watu wa ghala.

Mama Birika: Alikuwa na binti.

Waziri: Alikuja?

Mama Birika akachochea mkaa.

Basi halikupita muda, ng'ambo ya barabara likasimama gari la abiria, akashuka mwanamke wa makamo ya kuwa mama wa watoto wawili watatu, mkoba begani. Alipovuka tu nikajua. Lile paji la uso halikuhitaji utambulisho.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, akasema Mama Birika. Karibu. Pole sana na msiba.

— Asante, mama. Nanyi poleni. Mimi ni binti yake.

Waziri, ambaye punde tu alikuwa anamsema, akainuka akampisha pake. Yule binti akatazama pale mwisho palipo wazi, akaelewa, akakaa pa Waziri.

— Sikuja kwenye maziko, akasema bila kuulizwa. Niko mbali, na mimi na baba tulikuwa hatuzungumzi vizuri. Nilidhani bado muda upo. Simu iliponifikia, alikuwa ameshazikwa.

Mama Birika akampa kahawa.

— Nimekuja kwa jambo moja, akaendelea. Kitabu chake cha sita, kile cha mwisho, sura ya mwisho haipo. Kimekatika pale binti mlinzi wa lango, aliyekuwa akingoja miaka yote ya vita, anaposikia hodi na kuondoa komeo. Basi, hapo hapo. Mchapishaji ananiambia nisipompelekea mwisho kufikia Ijumaa, anampa mtu mwingine aumalizie. Na mimi sitaki mkono wa mtu mwingine kwenye kazi ya baba yangu. Ndilo pekee lililobaki ninaloweza kumfanyia.

Kobe: Hakukwambia utakavyokuwa?

— Nilimuuliza mara ya mwisho tulipoongea kwa simu. Akacheka. Akasema, mwisho wanaujua watu wa kijiweni. Sasa naomba mniambie. Nani anaingia langoni?

Hapa nimweleze msomaji kitu, maana hakuna kijiwe kingine chenye sheria hii. Kwetu, anayelipia kahawa siku hiyo ndiye anayeruhusiwa kumuuliza Mtunzi swali moja la kitabu. Yeye mwenyewe tulimkataza kulipa. Tulimwambia mwenye kisima hanunui maji. Basi anayelipa anamvuta pembeni, anauliza, anajibiwa, na jibu ni lake. Kwa hiyo aliposema tunaujua mwisho, kila mmoja alikohoa kidogo na kujiweka sawa, maana kila mmoja alikuwa nao.

Waziri: Ahsante kwa kutuuliza sisi wenyewe. Anayeingia ni kaka yake yule mlinzi wa lango. Kaka mkubwa, waliyegombana naye kwa ajili ya shamba. Anaweka upanga chini, anasema, "Wewe ndiye uliyekuwa na haki."

Kobe: Uongo.

Waziri: Nani muongo? Aliniambia kwa kinywa chake, nje ya duka langu la kunyolea!

Kobe: Anayeingia ni kijana. Alitoka nyumbani akiwa mdogo, hakuleta habari. Anarudi amekonda, ana ndevu. Lakini ni yeye.

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyowahi kuyasema Kobe kwa mkupuo mmoja.

Mama Birika: Nyote mmekosa. Haingii mtu mzima. Anapofungua anakuta kitoto kichanga kwenye kapu, hakina mwenyewe. Anakiokota. Mtunzi alinieleza mpaka rangi ya kile kitambaa.

Waziri: Kapu! Jeshi zima limekufa milimani, halafu mwisho uwe kapu? Mama, penye miti hapana wajenzi!

Mama Birika: Hiyo nayo inahusu nini?

Waziri: Inahusu kapu. Kapu si la miti?

Mimi: Nyamazeni. Haingii ndugu, wala kijana, wala kichanga. Anakuja mlinzi mwingine. Anamwambia, "Umefanya vya kutosha, leta ufunguo, nenda kalale." Na yule binti mlinzi analala. Ndio mwisho.

Wakanigeukia wote watatu kana kwamba nimetukana. Ikawa vurugu. Waziri akadai Mtunzi alimdanganya kila mtu makusudi ili siri ya nchi yake isitoke. Halafu akasema huenda malango ni manne. Halafu akasema huenda Mtunzi hakufa, ameingia mwenyewe langoni, na tuliyemzika ni gunia la saruji. Hapo Mama Birika akampiga kwa kitambaa cha birika, na hakuwa anatania. Mimi nikapendekeza tupige kura. Tukapiga. Kila mwisho ukapata kura moja.

Binti yake Mtunzi hakucheka. Alikuwa anatutazama mmoja mmoja, taratibu.

— Mzee wangu, akamwambia Waziri, wewe una kaka?

Waziri: Ninaye. Kwa nini?

— Mnaongea?

Waziri akafungua mdomo, akaufunga. Tangu nimjue, sijawahi kuona hilo.

Waziri: Alichukua shamba la baba. Hatuongei.

— Na wewe, fundi?

Kobe akaweka kikombe chini.

Kobe: Mwanangu aliondoka. Sijui yuko wapi.

Mama Birika hakungoja kuulizwa.

Mama Birika: Mimi sikujaliwa, mwanangu. Nilizeeka nikiomba.

Kisha akanifikia mimi. Na mimi, ambaye hujifanya sina habari na mtu, nilimwambia yule mgeni nisilowaambia hawa kwa miaka. Mke wangu yuko kitandani tangu alipopooza. Namwosha, namlisha, namgeuza, halafu nafungua duka. Nampenda. Na nimechoka, nimechoka mpaka naogopa. Nikasikia sauti yangu inakatika, sikuona aibu. Mama Birika akaniwekea mkono begani akauacha hapo.

Ndipo tulipotambua, wote kwa pamoja. Yule bwana hakuwa akitueleza kitabu. Alikuwa anatazama nani kanunua kahawa, anajua ana nini moyoni, anamfungulia lango lake. Alifanya hivyo kwa kila mmoja wetu, na hakumtolea mmoja siri ya mwenzake.

Waziri akajifuta uso kwa aproni yake yenye nywele za wateja.

Waziri: Sasa, mwanangu, wewe chagua. Wowote. Hata wa kapu. Mimi sitasema neno.

Mama Birika: Au iandike yote minne.

Kobe: Wa kijana uache, kama haufai.

— Yote inafaa, akasema. Lakini hii ni yenu. Nikimpelekea mchapishaji mmojawapo, nitakuwa nimemwandikia baba mwisho wa mtu mwingine, na hicho ndicho nilichokuja kukizuia.

Akatazama pale mwisho wa benchi. Mikono yake ilikuwa imekishika kikombe kwa nguvu, na kahawa ilikwisha poa.

— Nyinyi mlikaa naye kila siku. Mimi sikukaa naye. Basi niambieni hili tu. Yeye mwenyewe, alikuwa anamngoja nani?

Nikamtazama Kobe, Kobe akamtazama Mama Birika. Waziri, mwenye tamko la kila jambo, alitazama ndara zake. Mama Birika alianza, "Nadhani...", akaona uso wa yule binti, akaacha, maana sote tulikuwa tunadhani jambo moja na hakuna aliyekuwa na haki ya kumpa kama jibu.

Tulimpenda mtu yule, hilo naapa. Tulimnywesha kahawa, tukamcheka, tukamzika kwa mikono yetu. Lakini kumuuliza habari zake mwenyewe, hatukuwahi kumuuliza.