Barua Tatu za Wezzie Gondwe: Risala ya Mafundi wa Mtandao, Hospitali ya Mtondolo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Naibu Waziri wa Afya,

Umetoka Lilongwe kuja kutuzindulia jengo jipya. Karibu sana. Mbele yako tumesimama mafundi tisa. Tulipaswa kuwa kumi.

TULIKOTOKA

Miaka minne iliyopita tulifungiwa kisanduku kinachounganisha kompyuta zetu na mtandao wa nje. Mkandarasi aliacha njia ya kuingia kwa mbali ikiwa wazi, kwa nywila ile ile ya kiwandani, iliyochapwa kwenye kijitabu cha maelekezo. Nywila zetu nyingine zote zilihifadhiwa humo humo, zinasomeka kama tangazo la ukutani.

Mwenzetu Wezzie Gondwe aliandika barua tatu. Hazikujibiwa. Akamwendea mkurugenzi, nasi tukisikia.

“Bwana, mlango huu uko wazi kwa dunia nzima. Niruhusu niufunge.”

“Iwe Wezzie, nikiwa safarini nitaingiaje?”

“Nitakuwekea njia yako, iliyo salama.”

“Unanifundisha kazi? Nenda kabadilishe wino wa printa.”

YALIYOTUPATA

Machi mwaka huu, Jumatatu saa nne asubuhi, wezi wa mtandaoni waliingia kwa mlango huo huo wakafunga kumbukumbu zote za wagonjwa. Mama mmoja, Amayi Nasibeko, alikuwa leba, anavuja damu, na kundi lake la damu halionekani popote. Muuguzi Fannie Chirambo alikimbia na sampuli hadi maabara, ikapimwa upya. Mama alipona. Mtoto hakuwahiwa.

Wiki hiyo hiyo Wezzie akasimamishwa kazi kwa “uzembe”. Uzembe! Barua zake zimetoweka kwenye faili. Nakala tunazo, tumeziambatanisha.

TUNACHOOMBA

Hatuombi kompyuta. Wezzie arudishwe, na barua ya kumrudisha isomwe hadharani kama ilivyosomwa ile ya kumsimamisha. Na aliyekataa mlango ule ufungwe aulizwe kwa nini, Amayi Nasibeko akiwapo.

Mheshimiwa, tangu Machi tumesubiri kibali cha kubadilisha nywila ile. Hakikuja. Leo asubuhi, wenzetu wakifunga mapambo ya kukupokea, tumeziba njia hiyo na kubadilisha nywila zote, bila kibali cha mtu. Kama ni kosa, chini ya karatasi hii zipo saini tisa.

Mungu akurudishe salama, na awape nafuu waliolala wodini.

Ni sisi,
Mafundi wa Mtandao, Mtondolo.
Imesomwa na Limbikani Nyasulu.